Mjulishe saa ya kutoka: mwongozo wa kuwadumisha kazini wanawake wa viwanda vya nguo

Mwongozo huu ni wa mameneja wa uzalishaji, maofisa wa ofisi ya wafanyakazi, wasimamizi wa laini (safu ya cherehani zinazopokezana nguo moja) na wawakilishi wa chama cha wafanyakazi katika viwanda vinavyoshona nguo za kuuza nje. Mifano mingi imetoka Athi River, kwenye eneo la EPZ, yaani la viwanda vya kuuza nje, lililopo kwa sheria ya mwaka 1990, na kwenye mitaa wanakolala wafanyakazi wake: Mlolongo, Kitengela na Athi River mjini. Walio Dar es Salaam na Morogoro wataona mengi yanayowahusu, na pale ambapo sheria ya Tanzania inasema tofauti nimeitaja.

Naamini hivi: wanawake wengi hawaachi cherehani kwa sababu kazi ni ngumu. Ugumu waliujua tangu siku ya majaribio. Kinachowashinda ni kutojua watatoka saa ngapi. Mama amemwacha mtoto kwenye deikea inayofungwa saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na nusu msimamizi anapita kwenye laini akitangaza kwamba leo ni ovataimu hadi saa mbili usiku. Akibaki, mlezi anamtoza faini na mtoto analala njaa kwenye nyumba ya watu. Akiondoka, kesho anaitwa ofisini. Ukimweka mtu kwenye njia panda hiyo mara tatu kwa wiki, miezi minne haitapita kabla hajatafuta kibanda cha kuuza mboga, ambako pesa ni kidogo lakini saa ni zake.

Mshahara nao una uzito wake, na ratiba nzuri haifuti mshahara mbaya. Huko Hawassa, Ethiopia, eneo kubwa la viwanda lilifunguliwa mwaka 2016 na mshahara wa kuanzia ulikuwa takriban dola 26 kwa mwezi. Wasichana waliingia wakatoka kwa kasi iliyowashangaza hata waliowajengea viwanda. Kwa hiyo kama mshahara wako haulipi chumba, unga na nauli, anza hapo kabla ya kusoma zaidi. Yanayofuata ni ya kiwanda kinacholipa angalau kiwango cha kisheria na bado kinapoteza watu.

Hatua ya 1: Hesabu wanaoondoka, na uhesabu kwa muda waliokaa

Viwanda vingi vinajua ni watu wangapi wameajiriwa mwezi huu. Wachache wanajua walioondoka walikuwa wamekaa muda gani, na hiyo ndiyo hesabu yenye habari.

Chukua idadi ya walioondoka mwezi huo, gawanya kwa wastani wa wafanyakazi wa mwezi huo, zidisha kwa 100. Tuseme kiwanda kina watu 1,000 na kila mwezi wanaondoka 60. Asilimia 6 inaonekana ndogo kwenye ripoti, lakini kwa mwaka umeajiri watu 720 ili kujaza nafasi zilezile. Kama opereta (mshonaji wa mashine) mpya anachukua wiki 8 kufikia tageti, yaani idadi ya vipande anayotakiwa kushona, na kwa wastani katika kipindi hicho anatoa nusu ya kazi, basi kila mmoja wao amelipwa wiki 4 ambazo hazikuzaa nguo. Zidisha wewe mwenyewe kwa mshahara wako, kisha peleka jibu kwa mkurugenzi. Ndiyo lugha anayoielewa haraka.

Halafu wagawe walioondoka katika makundi: waliotoka ndani ya siku 30, kati ya miezi 1 na 6, kati ya miezi 6 na 24, na zaidi ya hapo. Andika pia laini yake, jina la msimamizi wake, na kama alikuwa amerudi kutoka likizo ya uzazi mwaka huo. Wanaotoka ndani ya siku 30 mara nyingi walidanganywa getini kuhusu kazi au malipo. Wanaotoka mwaka wa pili, wale mafundi wenyewe, kwa kawaida wana mtoto mdogo au wana ugomvi na msimamizi mmoja. Ukiona laini ya 7 imepoteza watu mara tatu ya laini ya 8, na wote wanashona suruali ileile chini ya paa lilelile, tatizo halipo kwenye suruali.

Utoro uhesabu kwa siku za wiki na za mwaka. Utaona Jumatatu, siku baada ya mshahara, na wiki ya Januari shule zinapofunguliwa. Desemba watu wanaenda ushago na baadhi hawarudi. Hayo yanajulikana miezi mingi kabla, kwa hiyo ratiba ya likizo ya mwaka, ambayo Kenya ni siku 21 za kazi, ipangwe kuyafuata badala ya kumlazimisha mtu kwenda likizo Machi kwa sababu oda zimepungua.

Hatua ya 2: Uliza kabla hajaandika barua

Mahojiano ya siku ya mwisho yana faida ndogo. Mtu anayesubiri malipo yake ya mwisho hatakwambia msimamizi wake anatukana. Atasema anaenda kumwangalia mama mgonjwa. Waulize walio kazini, bila majina, na mwulizaji asiwe bosi wao.

Watafiti waliofanya kazi na kiwanda kikubwa cha nguo kusini mwa India walijaribu jambo dogo. Nyongeza ya mshahara ilikuwa imetoka chini ya matarajio na wafanyakazi walikuwa wamekasirika. Baadhi yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wakapewa nafasi ya kutoa maoni yao bila kutaja jina kuhusu kazi, mshahara na wasimamizi. Waliopewa nafasi hiyo waliacha kazi kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 20 kuliko wenzao. Mshahara wenyewe haukuongezwa hata senti. Sisemi uitumie njia hii kukwepa nyongeza. Nasema kuzibwa mdomo ni sababu ya kuondoka, na kuiondoa sababu hiyo gharama yake ni karatasi tu.

Maswali manne yanatosha, kwa Kiswahili cha kawaida: Unatoka nyumbani saa ngapi na unafika saa ngapi usiku? Ukiwa kazini mtoto yuko na nani, na anamlea hadi saa ngapi? Ni jambo gani moja likibadilika utakaa mwaka mwingine? Kuna mtu kazini unayemwogopa? Swali la mwisho lijibiwe kwa siri na karatasi zake zisipite mikononi mwa wasimamizi. Ndani ya wiki mbili bandika ubaoni mlichosikia na mtakachofanya, pamoja na msichoweza kufanya kwa sasa na sababu yake. Ukiuliza kisha ukanyamaza, safari ijayo watakujibu kwa kusema kila kitu kiko sawa.

Hatua ya 3: Tangaza saa ya kutoka mapema

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote.

Ovataimu ya ghafla ina historia yake. Kitambaa cha nguo zinazokwenda Marekani mara nyingi kinatoka Asia. Meli ikichelewa, au kontena likikwama Mombasa, au zipu na lebo zikitoka kwa muuzaji tofauti na kufika baadaye, siku za kushona zinapungua huku tarehe ya meli ya kurudi ikibaki palepale. Wakati mwingine mnunuzi mwenyewe amechelewa kuidhinisha sampuli. Siku zilizopotea huko juu zinatafutwa huku chini, kwenye jioni ya mama mwenye cherehani.

Tazama tarehe vizuri: ofisi inayopokea hati za mzigo ilijua kitambaa kimechelewa wiki mbili kabla. Aliyepanga uzalishaji alijua wiki moja kabla. Msimamizi alijua asubuhi. Mama amejua saa kumi na nusu. Habari ilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyeona kwamba yeye ndiye anayeihitaji zaidi. Kwa hiyo fanya hivi.

Kwanza, kila Alhamisi anayepanga uzalishaji akae nusu saa na wa stoo na wa kukata, waangalie wiki ijayo: laini gani itachelewa, kwa siku ngapi. Ijumaa mchana ubao wa getini uonyeshe kila laini, kila siku, saa ya kutoka. Jumanne laini ya 3 saa mbili usiku. Siku nyingine zote saa kumi na moja. Mtu aipige picha kwa simu, ampelekee mlezi na mume.

Pili, weka kanuni ya saa nne asubuhi. Ovataimu ambayo haikuwa ubaoni Ijumaa inaweza kuombwa siku yenyewe kabla ya saa nne asubuhi, kwa hiari. Baada ya saa nne, leo haipo. Kanuni hii itawaudhi wasimamizi wiki za mwanzo, kwa sababu wamezoea kulipia makosa ya mipango kwa saa za watu wengine. Waache waudhike. Meneja akivunja kanuni, sababu iandikwe kwenye daftari na isomwe kwenye mkutano wa wiki.

Tatu, tenga orodha ya wanaotaka ovataimu. Wapo wengi: mabinti wasio na watoto, wanaojenga nyumbani, wenye karo ya sekondari. Hao wapewe kwanza, kwa zamu, ili msimamizi asiigeuze kuwa zawadi ya marafiki zake. Mtu aruhusiwe kujitoa kwenye orodha na kurudi bila kuulizwa sana.

Nne, kaa ndani ya sheria. Amri ya jumla ya mishahara ya Kenya inaweka saa 52 za kawaida kwa wiki ya siku 6, na saa zote pamoja na ovataimu zisizidi 116 kwa wiki mbili kwa wafanyakazi wa mchana. Malipo ni mara moja na nusu siku za kazi, mara mbili siku ya mapumziko na sikukuu. Makubaliano ya pamoja na chama yanaweza kuwa na saa pungufu, kwa hiyo soma ya kwenu. Tanzania ni saa 45 kwa wiki, na ovataimu haizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne. Saa zinazofidiwa kwa kupunguza tageti ya kesho, au zinazoitwa za kumalizia kazi ya leo, ni ovataimu. Zilipwe.

Tano, ovataimu inayoisha giza limeingia iende na usafiri. Barabara ya kutoka getini hadi stegi, saa mbili usiku, wanawake wengi hawaipiti bila hofu, na nauli ya matatu saa hiyo inapanda. Basi linalopita Mlolongo na Kitengela likiwashusha karibu na nyumbani ni sehemu ya gharama ya oda. Kama gharama hiyo inakufanya ufikirie mara mbili kabla ya kuitisha ovataimu, vizuri.

Msimamizi naye afundishwe kusema. Haya niliyasikia kwenye laini:

“Mama Kelvin, leo tunakuhitaji hadi saa mbili.”

“Madam, mtoto yuko deikea.”

“Kila mtu hapa ana mtoto.”

Mama Kelvin alibaki siku hiyo. Mwisho wa mwezi hakurudi. Alikuwa anashona mikanda ya kiuno ya jinzi, kazi ambayo kwenye laini ile watu wawili tu waliijua. Kiti chake kilipokaa wazi, bando za suruali zilirundikana mezani pake hadi sakafuni, na wote waliokuwa mbele yake, wa kupiga tundu za vifungo, wa kukata nyuzi, wa pasi, wakakaa wakitazamana. Laini ya watu arobaini ilipoteza nusu siku kwa sababu ya sentensi moja.

Hatua ya 4: Mwandalie njia kutoka mimba hadi kurudi kazini

Mwanamke anapoficha mimba hadi mwezi wa sita, jua kwamba ameona yaliyompata mwenzake. Mkataba wa miezi mitatu mitatu ambao hauongezwi pindi tumbo likionekana ni ubaguzi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakataza kumbagua mtu kwa ajili ya mimba, na mimba haiwezi kuwa sababu halali ya kumwachisha kazi. Kupima mimba getini kama sharti la kuajiriwa kukome leo.

Akitoa taarifa, fanyeni kikao kifupi: yeye, ofisi ya wafanyakazi na muuguzi kama yupo. Ahamishwe kutoka kazi ya kusimama kutwa, kwenye pasi ya mvuke au kwenye dawa za kuondoa madoa, bila kupunguziwa mshahara. Awekwe karibu na choo. Siku za kliniki ziandikwe kwenye kalenda ya laini mapema ili msimamizi asizione kama utoro. Tanzania, asifanye kazi za usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua wala miezi miwili baada ya kujifungua.

Likizo ya uzazi Kenya ni miezi 3 yenye mshahara kamili, na haimnyimi likizo yake ya mwaka. Tanzania ni siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi, Kenya ana haki ya kazi yake ileile au inayolingana nayo kwa masharti yasiyo mabaya zaidi. Kumrudisha fundi wa ovaloki kwenye kukata nyuzi kwa sababu kiti chake kimeshapewa mwingine ni kumfukuza polepole. Mpigie simu wiki mbili kabla hajarudi, mwulize mtoto atakaa wapi na yeye angependa kuanza vipi.

Sasa kunyonyesha. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mwajiri kuweka chumba cha kunyonyeshea, chenye mahali pa kunawia mikono, friji au kifaa cha kupozea, soketi ya umeme, meza ndogo na viti vya starehe. Inampa mama muda usiozidi saa moja kwa kila saa 8 za kazi, mbali na muda wa chakula. Tanzania ni hadi saa 2 kwa siku.

Vyumba hivi nimeviona vingi. Vingine vimejaa maboksi ya lebo, vingine vinafungwa na ufunguo uko kwa meneja. Hata kilicho safi kinakaa kitupu kwa sababu moja ambayo wakaguzi huwa hawaiulizi: tageti haikupunguzwa. Mama mwenye tageti ya vipande 480 kwa saa 8 anatakiwa vipande 60 kwa saa. Akitumia saa moja kukamua maziwa, tageti yake ya siku ni 420. Kama ubao bado unamdai 480, atabana kifua, atashona, na maziwa yatakauka wiki ya pili. Andika tageti mpya kwenye kadi yake kabla hajarudi, na umweleze msimamizi kwamba bonasi ya laini itahesabiwa kwa tageti hiyo, ili wenzake wasimnunie.

Kuna tarehe moja ambayo karibu kila kiwanda kinaisahau. Chanjo za mtoto Kenya zinatolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14, na ya surua miezi 9 na 18. Likizo iliyoanza siku ya kujifungua inaisha wiki ya 13. Ile ya wiki ya 14 inaangukia siku zake za kwanza kazini, wakati anaogopa kuomba chochote. Mpe siku hiyo bila yeye kuomba, iandikwe kwenye barua ya kumkaribisha tena.

Hatua ya 5: Mtoto akae wapi

Meneja mwenye moyo mzuri huwaza mara moja kujenga chumba cha watoto ndani ya kiwanda. Kabla hujajenga, uliza. Mama wa Kitengela anayepanda matatu saa kumi na moja alfajiri, amesimama kwenye msongamano, huenda hataki kumbeba mtoto wa miezi mitano kwenye baridi na moshi ule. Mama anayeishi hatua chache kutoka getini atakushukuru. Majibu ya Hatua ya 2 yatakuonyesha ramani.

Kwa wanaoishi mbali, fanya kazi na deikea za mtaani. Nyingi ni chumba kimoja cha mabati, mama mmoja na watoto wengi, kila mtoto na mkoba wake wenye nepi, chupa ya uji na nguo ya kubadilisha. Nyingine ni nzuri sana na nyingine zinatisha. Kiwanda kinaweza kuchagua chache mtaani, kulipia godoro, maji, mafunzo ya huduma ya kwanza na mshahara wa msaidizi, kisha kukubaliana saa za kufunga zinazolingana na zamu, na ada anayochangia mama ikatwe kwa ridhaa yake ya maandishi. Mwenye deikea apate ratiba ya ubao wa Ijumaa. Wawakilishi wa akina mama wakague kila mwezi, wakiingia bila taarifa.

Bangladesh, sheria ya kazi ya 2006 inaagiza chumba cha watoto penye wanawake 40 au zaidi. India, tangu marekebisho ya 2017, penye wafanyakazi 50 au zaidi. Wanunuzi wenu wananunua huko pia. Mnapoomba wachangie gharama za malezi, wakumbusheni kwamba wanakozinunua nguo nyingine jambo hili ni la kawaida.

Wapo pia waliowaacha watoto kwa bibi, Kitui au Kakamega. Hao hawahitaji deikea. Wanahitaji likizo inayolingana na Aprili, Agosti na Desemba, shule zikifungwa.

Hatua ya 6: Msimamizi wa laini

Mfanyakazi wa kawaida hamjui mkurugenzi. Kwake yeye kampuni ni msimamizi. Wasimamizi wengi walikuwa maopereta hodari, wakapandishwa siku moja bila mafunzo, wakakabidhiwa tageti na sauti. Wafundishwe kusambaza kazi kwenye laini, kutoa ruhusa, kukosoa bila kutukana. Kisha bonasi yao ifungwe na mambo mawili: uzalishaji, na wangapi wamebaki kwenye laini yao. Ukilipa la kwanza tu, utapata la kwanza tu.

Unyanyasaji wa kingono usiwekwe kwenye semina ya mwaka ukaisha hapo. Sheria ya Kenya inamtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na sera ya kuuzuia, iliyotungwa kwa kushauriana na wafanyakazi. Karatasi hiyo haina nguvu kama anayepokea malalamiko anakula meza moja na anayelalamikiwa. Tazama Lesotho. Mwaka 2019, baada ya uchunguzi kufichua unyanyasaji kwenye viwanda vya Nien Hsing vilivyoshona jinzi huko, vyama vya wafanyakazi, mashirika ya wanawake, kampuni yenyewe na wanunuzi, Levi Strauss, Kontoor Brands na The Children's Place, walitia saini makubaliano yaliyounda chombo huru cha kupokea na kuchunguza malalamiko, chenye uwezo wa kuamua adhabu. Kitu cha kuiga hapo ni uhuru wa mchunguzi. Kiwanda chako kikiwa kidogo, kubaliana na chama na shirika la sheria kama FIDA Kenya, au na viwanda jirani, muwe na mtu mmoja wa nje.

Anayeomba ngono ili atoe ovataimu, likizo au kuongeza mkataba aondoke yeye. Kumhamisha binti kwenda laini nyingine ni kumwadhibu aliyesema.

Hatua ya 7: Mambo madogo ya kila siku

Choo: kadi moja ya ruhusa kwa watu arobaini iondolewe. Sodo ziwekwe chooni, zisikae kwenye droo ya msimamizi wa kiume. Maji ya kunywa yawe karibu na laini.

Joto chini ya mabati linachosha kuliko kazi. Utafiti wa viwanda vya Bangalore uligundua kwamba taa za LED, ambazo zilifungwa ili kuokoa umeme, zilipunguza joto na kuinua uzalishaji siku za jua kali.

Ruhusa ya dharura: mtoto akipandwa na homa, msimamizi awe na mamlaka ya kumruhusu mama papo hapo, bila kupanda ofisi tatu. Simu ya dharura ya kiwanda, namba moja inayopokelewa, ipewe kila deikea na kila shule. Simu zao zikifungiwa kabatini bila namba hiyo, mama anashona kutwa akiwa na wasiwasi.

Makato: asilimia 2.75 ya SHA (bima ya afya ya Kenya) na michango ya NSSF (akiba ya uzeeni) ikikatwa ifike. Kuna akina mama wamegundua wodini kwamba pesa zilikatwa na hazikupelekwa, na hakuna zawadi ya Krismasi itakayoponya jambo hilo. Hati ya mshahara iandikwe kwa Kiswahili, ionyeshe saa za kawaida na za ovataimu kila moja peke yake.

Hatua ya 8: Mpe sababu ya kukaa mwaka wa tatu

Tembea kiwandani uhesabu. Kwenye cherehani wengi ni wanawake. Kwenye ufundi wa mashine, kukata, upangaji na umeneja ni wanaume. Fundi wa miaka mitano anayeona mbele hakuna kitu ataenda kwa jirani kwa nyongeza ndogo ya shilingi. Tangaza nafasi ubaoni, mafunzo yafanyike ndani ya saa za kazi (ya jioni yanawakata walewale wenye watoto), na kila operesheni ngumu iwe na watu wanne wanaoijua, wakilipwa zaidi kwa ujuzi huo. Hapo hata likizo ya mtu mmoja haiangushi laini, na msimamizi hana sababu ya kumnunia anayeomba siku.

Kama bajeti haipo

Anza na ubao wa Ijumaa, kanuni ya saa nne, tageti ya mama anayenyonyesha na namba ya dharura. Yote manne yanataka rangi, kalamu na meneja anayeshikilia neno lake. Chagueni laini mbili, moja ifuate kanuni hizi, nyingine iendelee kama zamani, mlinganishe utoro na walioondoka baada ya miezi mitatu.

Wakati huohuo fungua faili kwa kila oda: tarehe kitambaa kilipoahidiwa na kilipofika, tarehe sampuli ilipopelekwa na ilipoidhinishwa, saa za ovataimu zilizofuata, gharama ya mabasi, na walioacha kazi mwezi huo. Oda chache zikishapita utaweza kumwonyesha mnunuzi siku alizozichelewesha yeye na bei yake. Karatasi hiyo iende mezani pamoja na bei mnapojadili oda inayofuata, mkiomba tarehe ya meli isogezwe kwa idadi ileile ya siku idhini ikichelewa. Mwakilishi wa chama apewe nakala kabla ya mazungumzo, maana yeye ndiye atakayejua kama siku zilizoongezwa zimefika kwenye ubao wa getini.